Lori Lililoolewa

Injini ilikuwa ya moto, na betri haikuwemo.

Aliyeligundua hilo ni Fundi Sikio. Kazi yake ilikuwa kukagua malori yaliyotumika kabla mnunuzi hajatoa pesa yake, na hata kabla ya kuchomoa kijiti cha oili alikuwa anaweka kiganja juu ya injini. Wenye yadi wengi ni wajanja. Injini mbovu huiwasha alfajiri, ikishapata moto ndipo wamkaribishe mteja, isikohoe wala kutoa moshi mbele ya mgeni. Injini ya baridi haijui kusema uongo. Fundi alipenda kuzikuta zimelala, aziamshe mwenyewe, kisha aweke ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na sikio lake kwenye mpini, asikilize. Jina lake lilitoka hapo.

"Mzee, hii umeiwasha leo?" aliuliza.

"Niiwashe na nini?" alijibu mwenye yadi. "Betri niliitoa zamani. Ni joto la jua tu hilo, fundi."

Lori lilikuwa nyuma kabisa, kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo jua lilikuwa halijafika. Fundi alikitazama kivuli, akakitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali. Akanyamaza. Watu wengi huponzwa na mdomo. Yeye siku hiyo aliwaponza wenzake kwa kuufunga.

Mnunuzi alikuwa dereva waliyemwita Sukani, maana tangu ujana wake mikono yake haikujua kazi nyingine. Alikuwa ameendesha malori ya watu mpaka mgongo ukapinda, na sasa alitaka la kwake, kichwa tu, tela atakodi. Alifuatana na shemeji yake, kaka wa mkewe, jamaa aliyeitwa Domo kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Mkewe mwenyewe alibaki nyumbani na cherehani yake. Lakini usiku uliotangulia alikuwa amepaka sabuni mikononi na kuvua bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na mama yake, akamkabidhi mumewe zijazie pale palipopungua. Alizivua huku anacheka. Akalala huku anazipapasa mahali zilipokuwa.

Asubuhi ile walikuwa wameshakagua malori mawili. La bluu lilikuwa na injini kubwa. Lingepanda mlima na mzigo wake wote bila kunung'unika, ila kwenye pampu lisingeshiba. Jeupe lilikuwa bahili wa mafuta kweli, lakini kwenye mlima mrefu lingeomba kusukumwa.

"Chagua ugonjwa wako," alisema Fundi Sikio. "Ukitaka nguvu utalia kwenye pampu. Ukitaka kubana mafuta utalia mlimani. Hivi viwili havilali kitanda kimoja."

Ndipo wakafika kwa hili la tatu. Lilikuwa na pua ndefu na rangi ya damu ya mzee, vioo safi, viti bila mchaniko. Wakalitia betri. Likawaka mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeguna usingizini. Mwenye yadi akawafungia tela lenye kokoto, na Sukani akalipandisha kilima cha nyuma ya yadi, akashuka, akapanda tena. Liliparamia kilima kwa gia kubwa, halikutoa moshi, na mshale wa mafuta haukusogea. Sukani alishuka amekenua meno yote.

"Hili lina nguvu ya la bluu, na mdomo mdogo kuliko jeupe! Fundi, sema kitu!"

Fundi alikuwa na sikio kwenye mpini wa bisibisi. "Sijawahi kusikia injini inapiga hivi," alisema polepole. "Hakuna kasoro. Inapiga kama... basi tu. Hakuna kasoro."

"Mwenyewe aliliuza kwa nini?" aliuliza Domo.

"Hakuliuza. Alifariki, ndugu zake wakaniletea," alisema mwenye yadi.

"Ajali?"

"Hapana. Baridi tu, ilimpiga."

Ilikuwa miezi ya joto. Hata hivyo hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa Sukani alikuwa tayari anabembeleza boneti kwa kiganja.

Sasa, madereva wana mzaha wao. Mtu akipata lori la kwake wenzake humwozesha lori hilo, kwa vile ataonekana nalo barabarani zaidi kuliko anavyoonekana kwa mkewe. Siku hiyo Domo ndiye aliyeuanza, na nani mwingine? Alimsimamisha mwenye yadi mbele ya lori awe baba wa bibi harusi. Yeye na Fundi Sikio wakawa mashahidi. Mwenye yadi akakohoa kwa heshima zote, akasema, "Nimekuoza binti yangu huyu. Mahari iko wapi?" Sukani akatoa zile bangili mbili mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha mwenye yadi, akasema, "Nimemkubali." Wakacheka mpaka Domo akashika tumbo.

Injini, ambayo walikuwa wameizima, ikatoa pumzi ndefu. Walisema ni upepo wa breki.

* * *

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alilipokea lori kwa vigelegele. Alilishonea pazia la maua la kitanda cha nyuma ya viti, akalishonea na mito. Juu ya dashibodi akabandika picha yake mwenyewe aliyopiga studio, amekaza macho, ili kila mwanamke atakayeinua mguu kupanda ajue anapanda kwa nani. Tuseme ukweli, mama huyu alikuwa na wivu. Hata kuku jike akimfuata Sukani uani, alikuwa anamfukuza.

Safari ya kwanza ilikuwa ya saruji, ng'ambo ya milima. Sukani aliporudi alimwita mkewe aje auone mshale. Tangi lilikuwa karibu kama lilivyojazwa.

"Umeona? Umeona mke wangu? Wenzangu wamenuna kila mmoja!"

"Mbona mikono yako ya baridi hivyo?" aliuliza mkewe.

"Upepo wa njiani."

Usiku ule joto lilikuwa la kulala sakafuni. Sukani alijifunika blanketi, akaomba la pili. Alipomgeukia, mkewe akasikia kwenye shingo yake harufu ya waridi, nzito, iliyochanganyika na dizeli. Hakulala. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki.

Kuanzia hapo aliona kila kitu. Mume ambaye maisha yake yote hakuwahi kuosha kikombe sasa aliamka kuosha lori, kwa kitambaa laini, akianza na taa, taratibu, akinong'ona. Akipigiwa simu yuko safarini, nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio mdogo, kling, kling, wa chuma kwenye chuma. Alipoulizwa alisema ni funguo. Lakini Mama Cherehani alikulia mikononi mwa mama aliyevaa bangili mbili, na mlio ule aliujua kabla hajajua kutembea.

"Amempa mwanamke bangili zangu," alimwambia kaka yake, macho yamemwiva. "Hakuzitoa kwenye yadi. Alinidanganya, akamvika malaya wake!"

"Dada, alizitoa. Mimi nilikuwepo," alisema Domo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaishia hapo.

Mama Cherehani alipekua kibanda cha lori. Hakupata unywele, hakupata kitana. Alichokuta ni picha yake imelala kifudifudi. Aliisimamisha, akaikaza kwa gundi. Kesho yake ilikuwa imelala tena, na gundi imekatika kwa unadhifu, kama iliyokatwa na mkasi. Siku hiyohiyo sindano zote za cherehani yake zilivunjika, moja baada ya nyingine, katika kitambaa chepesi cha pamba.

Na Sukani alikuwa anakauka. Kadiri mzigo ulivyozidi kuwa mzito ndivyo alivyorudi ana baridi zaidi. Tangi lilibaki limejaa. Alikaa juani mchana na koti, meno yanagongana, huku anawasifia wenzake lori lake.

"Safari hii nakwenda na wewe," Mama Cherehani alimwambia.

Mumewe alibadilika uso. "Safari hii? Ngoja ijayo."

"Ijayo ina nini?"

Alishika kitambaa, akaanza kufuta taa za lori. Basi mkewe akapanda.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Lori lilipanda milima kwa kuguna kule kwa chini. Adhuhuri walifika kwenye mizani, wakakuta foleni ya malori, na Sukani akashuka na karatasi zake kwenda dirishani. Mama Cherehani akabaki peke yake kwenye kiti cha abiria, madirisha wazi, jua la utosi, wauza maji wanapita chini wakiita. Mahali salama kuliko hapo pangekuwa wapi?

Kling.

Ilitoka nyuma yake, kitandani, nyuma ya pazia aliloshona kwa mikono yake. Aligeuka, akalivuta pazia lote kwa nguvu za mwanamke anayetaka kufumania, kwani hata wakati huo, Mungu amsamehe, alitumaini kumkuta mtu. Hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, ila katikati ya godoro palibonyea, urefu wa mwili uliolala ubavu, bega, kiuno, goti lililokunjwa, na alipoweka kiganja kwenye ule mbonyeo aliukuta una joto, joto la mtu aliyeamka sasa hivi, na ile harufu ya waridi na dizeli ikainuka ikamjaa puani. Alitaka kushuka, lakini mkanda wa kiti, ambao hakukumbuka kuufunga, ulikuwa umemkaza tumboni, ukavuta kidogo, ukavuta tena, na madirisha yakaanza kupanda yenyewe taratibu huku sauti za wauza maji zikififia kana kwamba wanabebwa mbali, na ndani ya ukimya ule godoro likarudi juu polepole, bega kwanza, kisha kiuno, jinsi linavyorudi mtu anapoinuka, na bangili zikalia hatua kwa hatua zikija mbele, kling, kling, mpaka zikatulia karibu na shavu lake, pumzi ya moto ikampiga sikioni, na sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu mwenye haki yake, ikasema:

"Leo si zamu yako."

Sukani alimkuta amejikunja chini ya dashibodi, mkanda umemwacha alama nyekundu tumboni. Hakuuliza nini kimetokea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko mkanda.

* * *

Domo alibanwa siku waliyorudi, akatapika yote: mzaha, mwenye yadi, mashahidi, bangili. Mama Cherehani alimsikiliza amesimama. Domo alipofika kwenye neno mahari, dada yake alikaa.

"Mmemwozesha mume wangu kwa dhahabu ya mama yangu," alisema.

"Tulikuwa tunatania, dada!"

"Yeye hakutania."

Mganga waliyemwendea aliuza mabeseni na ndoo za plastiki, na majini aliyashughulikia kwenye chumba cha nyuma, kukiwa na nafasi. Alikuwa mama mnene, mwenye haraka, asiyependa kuzungushwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapanga vifuniko.

"Mlisema nimekuoza, nimekubali, mashahidi wawili, mahari ikapokelewa," alisema. "Sasa kilichobaki kuitwa ndoa ni nini? Pilau? Ndoa haina mzaha, watoto wangu. Ukitamka, imeshika. Na huyo alikuwa ndani ya chuma kile miaka, anangoja atamkiwe."

"Bibi, tuliuze tu," alisema Domo.

"Mke mwenye mume hauzwi. Atarudi." Akamgeukia Sukani, akamshika mkono, akauachia haraka. "Wee baba, unaganda. Lori lile linakula mafuta kiasi gani?"

"Kidogo sana, bibi," Sukani alisema, na jamani, hata pale, meno yakigongana, alisema kwa fahari.

"Haliwezi kwenda bila kula," alisema mganga. "Linakula joto lako. Umwache. Mtaliki mbele ya mashahidi walewale, mchana, talaka tatu, usimwangalie kwenye taa."

Njiani mume na mke waligombana kwa minong'ono. "Nitapata wapi gari kama lile?" alisema Sukani. "Nguvu zote zile, na mafuta kiduchu! Kila lori nililoendesha lilininyonya mfukoni. Hili peke yake ndilo lililonipenda."

"Mimi je?" aliuliza mkewe. "Mimi nilikunyonya nini?"

Hapo akakubali.

Walisimama uani mchana: mganga na beseni lake la maji na ubani, Fundi Sikio na Domo kama mashahidi, Mama Cherehani mlangoni. Lori lilikuwa limezimwa, boneti limefungwa. Mganga aliponyunyiza maji, bati lilitoa mvuke. Harufu ya waridi ikajaa uani, kali, mpaka Domo akaziba pua.

"Sema," mganga alinong'ona.

Sukani alifungua mdomo. Machozi yakamtoka. "Nimekuacha," alisema. "Talaka moja."

Lori likatetemeka mpaka vioo vikalia. Ndani yake kitu kilianza kulia kwa kwikwi, sauti ya mwanamke aliyefiwa, na kila mmoja pale uani, hata Mama Cherehani, alihisi huruma asiyoitaka.

"Tatu!" mkewe alipiga kelele. "Mpe tatu!"

Sukani aliinamisha kichwa, akakohoa, akaendelea kukohoa. Mpaka kilio kilipokwisha na mvuke kukatika, hakuwa ametamka nyingine.

"Moja nayo ni talaka," alisema mganga, lakini uso wake haukufurahi. "Ameachika, yuko edani, na mwanamke wa eda hatoki nyumbani kwa mume, na nyumba yake ni lori hilo. Miezi mitatu. Mahari ni yake, msimdai. Na wewe baba, usiliendeshe, usiliguse. Talaka moja mume anaweza kumrudia mkewe, na kurudia hakuhitaji mashahidi. Neno moja tu linatosha. Hata kumgusa kwa mkono."

Domo akawa dereva. Lori likawa lori kama malori mengine ya watu: mlimani lilipanda kwa gia ndogo huku likitoa moshi mweusi, na kwenye pampu lilikunywa kama ngamia. Fundi Sikio aliisikiliza injini akasema sasa inapiga kama injini, na akaonekana kufurahi. Faida yote iliishia kwenye mafuta. Lakini Sukani alivua koti. Alianza kula, akaanza kutania, shavu lake likawa na joto, na Mama Cherehani alimgusa shavu hilo kila alipopita, kwa kisingizio hiki au kile. Alirudi kuimba kwenye cherehani. Jioni tu ndipo roho ilimuuma, alipomkuta mumewe ameketi kizingitini analitazama lori, mikono ameikalia.

"Umebaki mwezi mmoja tu," alimwambia.

"Najua," alisema Sukani. "Domo anasema jana limeshindwa mlima. Wamelivuta."

"Malori huvutwa."

"Najua, mke wangu."

Siku chache kabla ya eda kwisha, Mama Cherehani alipeleka mapazia kwa mteja, akarudi adhuhuri. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Karibu na kizingiti, sakafuni, aliiona betri ya lori. Domo alikuwa ameichomoa tangu jana aipeleke kuchajiwa, akasahau kama kawaida yake. Alimshukuru Mungu kwa usahaulifu wa kaka yake. Kisha akanusa waridi.

Boneti lilikuwa limeinuliwa. Sukani alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Nilikuwa naangalia oili tu," alisema.

Mama Cherehani aliweka mfuko chini, akaenda mpaka kwenye injini, akaweka kiganja juu yake kama alivyofanya fundi. Ilikuwa ya moto. Chini ya kiganja kulikuwa na kitu kinapiga, taratibu, kwa raha.

Alimgeukia mumewe akamshika shavu. Lilikuwa la baridi kama maji ya mtungi. Aliingiza kidole kwenye mkono wa koti lake, akafuata kifundo cha mkono, akitafuta joto lolote lililobaki ambalo ni lake.

Nyuma ya pazia la maua, bangili zililia mara mbili.

Sukani aliutoa mkono wa mkewe, kwa upole, kama anayemwomba radhi, akashika ngazi ya lori.

"Nenda ndani kapumzike," alisema. "Leo si zamu yako, mke wangu."